Kupanga nyumba katika kijiji tulivu Uholanzi: Yampasayo mpangaji kujua kabla ya kutia sahihi

UHOLANZI ni nchi ndogo yenye watu wengi. Eneo lake lote, pamoja na maji, ni takriban kilomita mraba 41,500 tu, na katika mwaka wa 2024 idadi ya wakazi wake ilifika milioni 18. Lakini anayepanda gari moshi kutoka Amsterdam na kusafiri kwa muda wa saa mbili kuelekea kaskazini au mashariki hujikuta katika mandhari tofauti kabisa: malisho mapana ya ng'ombe, mifereji iliyonyooka kama uzi, na vijiji ambamo baada ya jua kutua hakusikiki kitu ila upepo na kengele ya kanisa.

Utulivu huo huwavutia wengi, wenyeji kwa wageni, hususan waliochoshwa na kodi za miji mikuu. Miongoni mwa wageni hao wamo Wakenya wanaokwenda kusoma au kufanya kazi nchini humo, mathalan wanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Wageningen, mji mdogo uliozungukwa na vijiji kama vile Bennekom na Renkum, ambako mtu huweza kuishi na kwenda masomoni kwa baiskeli.

Hata hivyo, aliyezoea kutafuta nyumba kwa kuzunguka mtaani akisoma vibao vilivyoning'inizwa langoni, kisha akapatana na mwenye nyumba kwa maneno matupu, atakuta utaratibu mwingine. Sheria za Uholanzi humlinda mpangaji kwa kiasi kikubwa, pengine kuliko zinavyomlinda mwenye nyumba. Lakini ulinzi huo humfaa yule aliye na mkataba wa kudumu, anwani iliyosajiliwa na hesabu kamili ya kodi mkononi. Asiye na hayo huweza kulipa pesa nyingi na bado akabaki kama mgeni aliyesimama kizingitini.

Vijiji si vya namna moja

Neno kijiji huficha tofauti kubwa. Katika mkoa wa Drenthe, vijiji vingi vya kale vilijengwa kuzunguka uwanja wa nyasi wenye miti mikubwa ya mialoni, ambapo zamani mifugo ilikusanywa kabla ya kupelekwa malishoni. Nyumba zake ni pana, paa zake nyingi zimeezekwa kwa matete, na kila moja ina ua mkubwa.

Katika mikoa ya Friesland na Groningen, watu wa kale waliinua vilima vya udongo kwa mikono ili wasifikiwe na maji ya bahari, karne nyingi kabla ya matuta ya kuzuia maji kujengwa. Vijiji vingi vingali vimekaa juu ya vilima hivyo. Kilele cha vyote ni Hogebeintum, katika Friesland, ambacho kina kimo cha karibu mita 9. Kwingineko nyumba zimejipanga kwenye mstari mmoja mrefu kandokando ya barabara au mfereji, hivi kwamba jirani wa mwisho huweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwa jirani wa kwanza.

Kuna pia vijiji ambavyo utulivu wake ni wa msimu. Giethoorn, katika mkoa wa Overijssel, kinajulikana kote duniani kwa sababu sehemu yake ya zamani haina barabara za magari. Watu hupita kwa mashua na kuvuka vidaraja vya mbao. Wakati wa baridi ni kimya mno. Wakati wa kiangazi mashua za watalii hupita mbele ya madirisha ya wakazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Anayetaka utulivu wa mwaka mzima hana budi kuuliza kijiji kinavyokuwa mwezi wa Julai, si mwezi wa Januari pekee.

Tena utulivu wa shambani si ukimya mtupu. Majira ya kuchipua huja na harufu ya samadi inayomwagwa mashambani, na wakati wa mavuno matrekta huweza kunguruma hadi usiku wa manane. Mwenye kuishi karibu na shamba hatarajiwi kulalamikia hayo.

Nani humiliki nyumba hizo

Zaidi ya nusu ya nyumba zote nchini Uholanzi hukaliwa na wenyewe, na vijijini kiwango hicho aghalabu huwa juu zaidi. Kwa hivyo nyumba za kupangisha kijijini ni chache tangu mwanzo. Kati ya zilizopo, nyingi ni za mashirika ya nyumba yasiyo ya kibiashara, ambayo mizizi yake ni Sheria ya Nyumba ya mwaka wa 1901. Mashirika hayo humiliki takriban nyumba milioni 2.3 kote nchini, na karibu kila kijiji cha kadiri huwa na safu kadhaa za nyumba zao: za matofali, zenye ghorofa moja juu na bustani ndogo nyuma.

Nyumba hizo hazipatikani kwa kugonga mlango. Mwombaji hujiandikisha katika orodha ya eneo zima, kisha husubiri. Katika mji wa Amsterdam ni jambo la kawaida kusubiri kwa zaidi ya miaka 10. Vijijini foleni huwa fupi, hasa katika maeneo ambayo idadi ya watu imekuwa ikipungua, kama vile mashariki mwa Groningen na Zeeuws-Vlaanderen kusini-magharibi mwa nchi. Lakini foleni fupi isimdanganye mtu, kwa kuwa nyumba zinazoachwa wazi kwa mwaka katika kijiji kimoja huweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Aidha kuna kikomo cha mapato. Katika mwaka wa 2025, nyumba hizi zilitengewa hasa watu wanaoishi peke yao ambao mapato yao ya mwaka hayakuzidi Yuro 49,669, na familia ambazo mapato yake hayakuzidi Yuro 54,847. Mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huhitaji pia kibali halali cha ukaazi. Juu ya hayo, tangu Januari 1, 2024, sheria inaziruhusu manispaa kutenga hadi nusu ya nyumba zilizowekewa masharti ya ugawaji kwa ajili ya watu wenye uhusiano na eneo hilo, yaani waliozaliwa, kulelewa au kufanya kazi huko. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwasaidia vijana wa vijijini wasilazimike kuhama, lakini kwa mgeni ina maana kwamba mlango umekuwa mwembamba zaidi.

Njia ya pili ni wenye nyumba binafsi: mkulima mstaafu aliyegeuza ghala kuwa makao, familia iliyohamia kwingine kwa muda, au kampuni ya uwekezaji. Hawa huchagua mpangaji wenyewe, na wengi wao hudai mshahara usiopungua mara 3 au 4 ya kodi. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2023, mwenye nyumba na wakala wake hawana ruhusa ya kumbagua mtu kwa sababu ya asili, dini au rangi yake, na kila manispaa imewajibishwa kuwa na mahali ambapo mpangaji anaweza kuwasilisha malalamiko bila malipo.

Anwani ni muhimu kuliko paa

Jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kumwuliza mwenye nyumba si bei. Ni hili: je, nitaruhusiwa kusajili anwani hii?

Mtu anayenuia kukaa Uholanzi kwa zaidi ya miezi minne hutakiwa kujisajili katika manispaa ya mahali anapoishi katika muda wa siku 5 baada ya kuwasili. Huonyesha pasipoti na uthibitisho kwamba ana makao, kama vile mkataba wa kupanga. Hapo ndipo hupewa nambari ya raia na wakazi, ambayo huitwa BSN. Bila nambari hiyo ni vigumu kulipwa mshahara ipasavyo, kuchukua bima ya afya, kufungua akaunti ya benki au kuomba ruzuku yoyote ya serikali.

Kijiji chenyewe aghalabu hakina ofisi. Uholanzi ilikuwa na manispaa 342 mwaka wa 2025, na moja huweza kubeba makumi ya vijiji; Súdwest-Fryslân pekee ina vijiji na miji midogo zaidi ya 80. Kwa hivyo mpangaji atalazimika kuweka miadi na kusafiri hadi makao makuu ya manispaa.

Mwenye nyumba anayesema, "Unaweza kuishi hapa lakini usijisajili," anamwambia mpangaji kwamba kuna jambo lisilo sawa. Pengine anakwepa ushuru, pengine amekodi nyumba hiyo kwa mwingine na haruhusiwi kuipangisha, au nyumba yenyewe si ya makao ya kudumu.

Sababu hiyo ya mwisho ni ya kawaida mno mashambani. Misitu na kando za maziwa zimejaa vijumba vya likizo vinavyopangishwa kwa bei ya kuvutia. Ni vizuri, vimekamilika kwa vyombo na samani, na mara nyingi huwa vitupu wakati wa baridi. Lakini katika maeneo mengi mpango wa matumizi ya ardhi hauruhusu mtu kuvifanya makao ya kudumu, na manispaa inaweza kumwamuru anayeishi humo aondoke au alipe faini. Isitoshe, mkataba wa makao ambayo kwa asili yake ni ya muda mfupi tu, kama ya likizo, haumpi mpangaji ulinzi wa kawaida wa kisheria. Anayeingia humo akidhani amepata nyumba huweza kujikuta nje wiki chache tu baada ya kufahamishwa.

Matapeli nao hawakosekani. Mbinu yao haijabadilika sana kwa miaka mingi: tangazo lenye picha nzuri, kodi ya chini kupita kiasi, na mwenye nyumba anayedai yuko nchi ya mbali na kwamba atatuma ufunguo kwa posta punde atakapopokea pesa. Kanuni ya kujilinda ni moja. Usilipe hata senti kabla ya wewe, au mtu unayemwamini, kuingia ndani ya nyumba hiyo na kuiona.

Kodi hupimwa kwa alama

Hapa ndipo utaratibu wa Uholanzi unapotofautiana sana na wa nchi nyingi. Kodi ya nyumba nyingi haitegemei tu mapenzi ya mwenyewe. Tangu mwaka wa 1979 kumekuwa na mfumo wa kupima nyumba kwa alama. Ukubwa wa vyumba huleta alama, jiko na bafu huleta alama, bustani huleta alama, na vivyo hivyo thamani ya nyumba kama ilivyokadiriwa na manispaa. Uwezo wa nyumba kuhifadhi joto huhesabiwa pia: cheti cha nishati cha daraja A huongeza alama, ilhali madaraja ya mwisho, yaani E, F na G, huzipunguza tangu mwaka wa 2024.

Kwa mujibu wa sheria iliyoanza Julai 1, 2024, nyumba yenye alama zisizozidi 143 huwa katika daraja la chini, ambalo kodi yake ya juu zaidi ilikuwa Yuro 900.07 kwa mwezi katika mwaka wa 2025. Nyumba yenye alama kati ya 144 na 186 huwa katika daraja la kati, na mwaka huo kikomo chake kilikuwa Yuro 1,184.82. Ni nyumba yenye alama 187 na kuendelea pekee ambayo kodi yake ya kuanzia huachwa kwa mapatano ya soko. Viwango hivyo hurekebishwa kila mwaka.

Kwa mpangaji wa kijijini jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba ya zamani ya mkulima huweza kuonekana ya kifahari kwa ukubwa wake, na mwenyewe akaitoza kodi ya kifahari. Lakini ikiwa madirisha yake ni ya kioo kimoja, kuta hazihifadhi joto na thamani ya ardhi ya eneo hilo ni ya chini, hesabu ya alama huweza kuonyesha kwamba kodi halali ni ndogo sana kuliko inayodaiwa. Kwa upande mwingine, nyumba iliyoorodheshwa kuwa turathi ya taifa, kama zilivyo baadhi ya nyumba kongwe za mashambani, huruhusiwa nyongeza ya hadi asilimia 35.

Tangu Januari 1, 2025, mwenye nyumba analazimika kuambatisha hesabu ya alama kwenye mkataba mpya. Mpangaji anayeshuku hesabu hiyo anaweza kupeleka shauri lake kwa Huurcommissie, tume ya taifa inayoamua mizozo ya kodi. Ada yake kwa mpangaji ni Yuro 25, na hurudishiwa akishinda. Aliyepanga nyumba ya soko huria naye ana miezi 6 ya kwanza ya kuomba kodi yake ya kuanzia ichunguzwe. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kuogopa kumuudhi mwenye nyumba, ilhali kumfukuza mpangaji kwa sababu amekwenda kwenye tume hakukubaliki kisheria.

Nyongeza ya kodi pia ina mipaka. Huruhusiwa mara moja tu katika kila miezi 12, na katika mwaka wa 2025 haikupaswa kuzidi asilimia 5 kwa nyumba za daraja la chini, asilimia 7.7 kwa za kati na asilimia 4.1 kwa za soko huria. Mwenye mapato madogo anaweza pia kuomba ruzuku ya kodi kutoka serikalini, ikitegemea mapato yake, umri wake na kodi anayolipa.

Mkataba na amana

Tangu Julai 1, 2024, mkataba wa kupanga nyumba kwa kawaida ni wa muda usio na kikomo. Mikataba ya muda maalum imebaki kwa makundi machache, wakiwemo wanafunzi waliotoka manispaa nyingine au nchi za nje kwa ajili ya masomo. Mwenye nyumba anayemtaka mfanyakazi wa kawaida atie sahihi ya mwaka mmoja pekee anapaswa kuulizwa ni kifungu kipi kinachomruhusu.

Amana haipaswi kuzidi kodi ya miezi miwili, bila kujumuisha gharama za huduma. Mpangaji anapohama, amana hurudishwa katika muda wa siku 14, au siku 30 ikiwa kuna makato, nayo makato hayo lazima yaelezwe kwa maandishi. Wakala aliyeajiriwa na mwenye nyumba hana haki ya kumtoza mpangaji ada ya kumtafutia nyumba, na kilemba cha kupewa ufunguo ni marufuku.

Kuna kanuni moja ambayo huwapa wapangaji wa Uholanzi usingizi mwororo: nyumba ikiuzwa, mkataba hauvunjiki. Mnunuzi hurithi mpangaji pamoja na kuta. Vijijini hili si jambo dogo, kwani wenye nyumba wengi ni wazee, na mashamba hubadilisha mikono wanapofariki au kustaafu. Mwenye nyumba anayetaka kukatisha mkataba lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, atoe ilani ya kati ya miezi 3 na 6, na mpangaji akikataa, suala hupelekwa mahakamani. Mpangaji mwenyewe, kwa upande wake, huhitaji kutoa ilani ya mwezi mmoja tu anapolipa kodi kila mwezi.

Nyumba tupu kwelikweli

Mgeni wengi hushtuka siku ya kupokea ufunguo. Nyumba inayotangazwa kuwa "kaal" ni tupu kupita kawaida: hakuna taa ila waya zinazoning'inia darini, hakuna mapazia, na mara nyingi hakuna hata kitu cha kufunika sakafu, bali zege tupu. Mpangaji aliyetangulia alibeba zulia au mbao zake alipohama, kwa kuwa aghalabu mkataba humtaka airudishe nyumba kama alivyoipokea. Huweza kumwachia mpangaji mpya vitu hivyo kwa malipo, lakini hayo ni mapatano kati yao wawili.

Nyumba iliyo "gestoffeerd" huwa na sakafu iliyofunikwa na mapazia, na iliyo "gemeubileerd" huwa na samani pia. Anayelinganisha bei za nyumba mbili bila kuzingatia maneno haya matatu hulinganisha mbuzi na ng'ombe. Kufunika sakafu ya nyumba nzima na kununua mapazia ya madirisha mapana huweza kugharimu kodi ya miezi kadhaa.

Matengenezo nayo hugawanywa. Mpangaji hushughulikia madogo: kubadilisha taa, kuzibua mabomba, kupaka kuta rangi kwa ndani. Bustani pia ni mzigo wake. Hukata nyasi, hupunguza ua wa mimea na hung'oa magugu, na kijijini bustani iliyoachwa ikawa msitu huonekana na kila mpita njia. Mwenye nyumba hushughulikia makubwa, kama vile paa linalovuja, mtambo wa kupasha joto na unyevu unaopanda ukutani. Akikataa kuyatengeneza, na kodi ikiwa katika daraja linalodhibitiwa, tume inaweza kuishusha kwa muda hadi asilimia 40, 30 au hata 20 ya kodi ya kawaida, kulingana na ubaya wa kasoro.

Gharama zisizoandikwa kwenye tangazo

Kodi inayotajwa kwenye tangazo mara nyingi ni ya kuta pekee. Umeme, gesi, maji na intaneti huja juu yake. Nyumba kongwe iliyosimama peke yake shambani hupigwa na upepo pande zote nne, tofauti na nyumba ya mjini inayokingwa na za majirani, na gharama ya kuipasha joto kuanzia Oktoba hadi Aprili huweza kula akiba yote iliyopatikana kwa kukimbia kodi za mjini. Sheria humtaka mwenye nyumba aonyeshe cheti cha nishati. Ni busara pia kuomba bili za mpangaji aliyetangulia.

Kila kaya hulipa pia ushuru wa bodi ya maji. Bodi hizi, ambazo sasa ni 21, zimekuwepo tangu karne ya 13, na kazi yake ni kulinda matuta, kuendesha mitambo ya kusukuma maji na kusafisha maji taka. Kwa mgeni ushuru huo huweza kuonekana wa ajabu. Lakini wenyeji wa Zeeland hawajasahau usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilipovunja matuta na kuwaua watu 1,836. Manispaa nayo hutoza ada ya takataka. Wenye mapato ya chini kabisa wanaweza kuomba kusamehewa baadhi ya malipo haya, ilhali ushuru wa jengo hulipwa na mwenye nyumba pekee tangu mwaka wa 2006.

Kuna gharama ya umbali. Vijiji vingi havina duka wala daktari, na basi huweza kupita mara moja kwa saa, kisha likakoma jioni na siku za Jumapili. Katika baadhi ya maeneo usafiri pekee ni basi dogo la abiria wanane, linaloendeshwa na wakazi wanaojitolea. Baiskeli husaidia, lakini kilomita 10 dhidi ya upepo wa Novemba si mchezo. Anayefikiria gari akumbuke kwamba leseni ya Kenya hutambuliwa kwa siku 185 tu baada ya mtu kusajiliwa kuwa mkazi. Baada ya hapo, isipokuwa kwa baadhi ya wataalamu wenye nafuu maalum ya ushuru, hulazimika kufanya mitihani ya udereva upya.

Katika mkoa wa Groningen liko suala jingine. Gesi iligunduliwa huko mwaka wa 1959, na kuchimbwa kwake kulisababisha mitetemeko ya ardhi. Mkubwa zaidi, wa kipimo cha 3.6, ulitokea karibu na kijiji cha Huizinge mnamo Agosti 16, 2012. Uchimbaji ulisimamishwa Oktoba 1, 2023, lakini maelfu ya nyumba zilikuwa zimepata nyufa au kuhitaji kuimarishwa. Anayepanga huko aulize iwapo nyumba imo katika mpango wa kuimarishwa, kwani huenda akatakiwa kuhama kwa muda kazi ikifanyika.

Mgeni siku mbili

Katika maeneo ya Twente, Achterhoek na Drenthe kuna desturi ya kale iitwayo "noaberschap", yaani ujirani. Zamani haukuwa urafiki wa hiari bali wajibu: jirani alisaidia ng'ombe alipozaa, alibeba habari za msiba nyumba kwa nyumba, na alibeba jeneza. Leo wajibu huo umelegea, lakini haujafa. Anayehamia hutarajiwa kwenda kujitambulisha kwa majirani au kuwaalika kahawa, naye atasaidiwa kusukuma gari lililokwama kwenye theluji bila kuomba. Waswahili wangeuelewa upesi utaratibu huu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Vijiji vingine vina sheria zake zisizoandikwa. Katika vile vyenye Waprotestanti wenye msimamo mkali, kama Staphorst, Jumapili ni ya ibada na mapumziko. Maduka hufungwa, na anayekata nyasi kwa mashine siku hiyo huwaudhi majirani wote kwa mpigo mmoja. Katika Friesland, Kifrisia ni lugha rasmi pamoja na Kiholanzi, na kwingi mashariki wazee huongea lahaja zao. Wengi hujua Kiingereza, lakini mikutano katika ukumbi wa kijiji haiendeshwi kwa Kiingereza. Anayejifunza Kiholanzi hata cha kuombea maji hufunguliwa milango ambayo pesa haziwezi kuifungua.

Kwa muhtasari, mwenye kutafuta nyumba kijijini afuate mpangilio huu: kwanza ahakikishe anwani inasajilika, pili aione nyumba kwa macho, tatu adai hesabu ya alama na cheti cha nishati, nne asome mkataba na kiwango cha amana, na tano ajumlishe kodi, joto, ushuru na nauli kabla ya kusema ni rahisi. Apige pia picha za kila chumba siku ya kupokea ufunguo. Akiyatimiza hayo atakuwa na haki ambazo si rahisi kwa mtu yeyote kumpokonya, na hapo utulivu wa kijiji utakuwa wake pia.